Pombe Umeacha, Lakini Kesi Inakungoja

Ndugu msomaji, kama umepata kupita Kagongwa unaijua barabara ile. Ukitoka Isaka kwenda Kahama, Kagongwa unaikuta njiani. Mashine za kukoboa mpunga zinanguruma. Wafanyabiashara wanapakia magunia ya mchele. Malori makubwa yanapita usiku na mchana kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Magari mengine yanaelekea kwenye machimbo ya dhahabu ya Kakola na Geita. Katikati ya magari hayo wamo waendesha pikipiki, wapanda baiskeli, watoto wanaotoka shule, na wachungaji na ng'ombe wao.

Watu wote hawa wanatumia barabara moja. Dereva mmoja akilewa, wote wamo hatarini.

Mara nyingi tumeambiwa: ukinywa usiendeshe. Maneno hayo ni ya kweli, nasi tunayarudia. Lakini leo tuzungumze juu ya mtu ambaye amekwisha kosa. Alikunywa, akaendesha, akakamatwa. Sasa ana mizigo miwili kichwani. Mzigo wa kwanza ni kesi. Mzigo wa pili ni ulevi wenyewe, ambao ndiyo kwanza ameanza kuuacha. Afanye nini?

Huenda mtu huyo ni wewe. Huenda ni mume wako, kaka yako au kijana wako. Soma polepole. Kama jirani yako hajui kusoma, msomee.

Tuchukue mfano

Huu ni mfano tu, lakini mambo yake hutokea. Dereva mmoja wa lori anafika Kagongwa kupakia mchele. Magunia hayajawa tayari. Saa 2 usiku anaingia baa. Anakunywa chupa tano za bia, kisha analala ndani ya gari. Saa 11 alfajiri anaamka. Ananawa uso kwa maji baridi, anakunywa kahawa ya mkandaa, anawasha gari. Moyoni anasema, "Nimelala, pombe imekwisha."

Anakwenda kilomita mbili tu. Anamgonga mpanda baiskeli, anamvunja mguu. Askari wanafika. Wanampima. Pombe bado imo mwilini, tena imezidi kiasi kinachoruhusiwa. Dereva anashangaa. Anaona ameonewa.

Je, ameonewa? Tutazame.

Pombe hukaa mwilini muda mrefu

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi chenyewe. Kazi ya kukiondoa kilevi hicho mwilini hufanywa hasa na ini. Ini hufanya kazi yake polepole, kama mwanamke anayepepeta mpunga kwa ungo. Halikimbizwi. Kwa watu wengi huondoa kati ya gramu 7 na gramu 10 kwa saa moja.

Basi chupa moja huhitaji saa 2 hadi 3. Chupa tano huhitaji saa 10 hadi 15. Yule dereva alianza kunywa saa 2 usiku. Hesabu mwenyewe. Kilevi kingemwisha mwilini kati ya saa 12 asubuhi na saa 5 asubuhi. Yeye aliwasha gari saa 11 alfajiri.

Maji baridi hayaondoi pombe. Kahawa haiondoi pombe. Supu haiondoi pombe. Vitu hivyo vinaweza kukufumbua macho, lakini damu inabaki na kilevi chake. Dawa ni muda peke yake.

Hiyo ni bia, ambayo nguvu yake imeandikwa kwenye chupa. Wanzuki na kangara hazina maandishi. Gongo ni mbaya zaidi. Mnywaji hajui nguvu yake, na mara nyingine huwa na sumu inayoweza kupofusha macho au kuua. Serikali ilipiga marufuku pombe kali za vifuko vidogo, zile zilizoitwa viroba, kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Sababu moja ilikuwa kwamba vifuko vile viliingia mfukoni kwa urahisi, hata mfukoni mwa dereva na wa mwanafunzi. Viroba vimekwenda, lakini kiu ya mlevi haikwenda navyo.

Sheria inasema nini

Tangu magari yalipoanza, ulevi na usukani havikupatana. Mwaka 1897, mjini London, dereva wa teksi aliyeitwa George Smith aliligonga jengo kwa gari lake hali amelewa. Alikiri kosa, akatozwa faini ya shilingi 25 za Kiingereza. Gari lake lilikuwa la umeme. Siku hizo magari yalikuwa machache sana, lakini kosa lilikuwa ni lile lile.

Hapa kwetu ipo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Nayo ni Sura ya 168 ya sheria za Tanzania. Sheria hiyo inataja makosa mawili ambayo watu huyachanganya.

Kosa la kwanza ni kuendesha hali umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari.

Kosa la pili ni kuendesha hali pombe katika damu yako imezidi kipimo. Kipimo hicho ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Mililita 100 ni chini ya nusu kikombe cha chai. Miligramu 80 ni kidogo kuliko punje chache za chumvi unazozishika kwa ncha za vidole. Ni kitu kidogo sana, lakini kinatosha kuchelewesha mguu wako kwenye breki. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ziweke kipimo cha chini zaidi, yaani miligramu 50.

Katika kosa hili la pili huwezi kujitetea kwa kusema, "Mbona nilikuwa nakwenda vizuri?" Kipimo kikizidi, kosa limetimia.

Kumbuka tena mambo haya:

Sheria hii inahusu vyombo vyote vya moto. Mwenye pikipiki yumo. Mwenye bajaji yumo. Mwenye trekta yumo.

Si kuendesha tu. Ukijaribu kuliondoa gari, au ukiwa wewe ndiye msimamizi wa gari barabarani hali umelewa, unaweza kushtakiwa.

Askari anaweza kukutaka upulize kwenye kipima ulevi, au upelekwe hospitali kupimwa damu. Kukataa bila sababu ya maana nalo ni kosa.

Adhabu inaweza kuwa faini, au kifungo, au vyote viwili. Mahakama inaweza pia kukunyang'anya leseni. Kama mtu ameumia au amekufa, mashtaka huwa mazito zaidi. Hapo wengi hupoteza miaka yao gerezani.

Ulevi ni ugonjwa, lakini haufuti kosa

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kila mmoja kwa upande wake.

Wapo wanaosema, "Mlevi ni mhuni tu. Afungwe, atajifunza." Hao hawajui kwamba ulevi wa kila siku ni ugonjwa. Madaktari wa dunia nzima wanautambua hivyo. Mwili umezoea pombe hata hauwezi kutulia bila pombe. Mtu anaapa asubuhi kwamba hatakunywa, na jioni yumo kilabuni. Anajidharau, na kwa kujidharau anakunywa tena.

Wapo wengine wanaosema, "Mimi ni mgonjwa, basi nisihukumiwe." Hao nao wamekosea. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haimwachii mtu kwa sababu tu alilewa kwa hiari yake. Mguu wa yule mpanda baiskeli umevunjika. Ana shamba la kulima na watoto wa kulisha. Ugonjwa wa dereva hauufanyi mguu ule uwe mzima.

Basi shika maneno haya mawili pamoja. Ulevi ni ugonjwa, utibiwe. Kuendesha hali umelewa ni kosa, lijibiwe. Hospitali haichukui nafasi ya mahakama, wala mahakama haichukui nafasi ya hospitali. Anayejibu kesi bila kutibiwa atarudi tena mahakamani. Anayetibiwa huku anaikimbia kesi hatapata usingizi, na asiyepata usingizi huirudia chupa.

Hatari ya kuacha pombe ghafla

Tumrudie dereva wetu. Yuko mahabusu. Jana usiku alikunywa, leo hana pombe. Kwake yeye bia tano hazikuwa za jana tu. Amekunywa kila siku kwa miaka kumi. Jioni mikono inaanza kutetemeka. Jasho linamtoka. Anatapika. Moyo unakwenda mbio. Usingizi haupo.

Mtu aliyezoea pombe nyingi kila siku huanza kupata dalili hizo kati ya saa 6 na saa 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Katika siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kupata homa, na kuona wadudu au watu ambao hawapo. Wengine husema amerogwa, au amepandwa na wazimu kwa hofu ya kesi. Sivyo. Mwili unalia kwa kukosa pombe. Hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua.

Kwa hiyo, ndugu wa aliyekamatwa, fanyeni jambo hili mapema. Nendeni kituoni, mkamwambie mkuu wa kituo kwa heshima: "Afande, ndugu yetu hunywa kila siku. Tunaomba akianza kutetemeka apelekwe hospitali." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha.

Na wewe unayetaka kuacha ukiwa nyumbani, kama unakunywa sana kila siku, usiache peke yako chumbani. Nenda kwanza zahanati au kituo cha afya. Mwambie mganga ukweli: unakunywa nini, kiasi gani, na kwa miaka mingapi. Zipo dawa za kutuliza mwili kwa siku chache za kwanza. Ipo vitamini B1, ambayo walevi wengi wamepungukiwa nayo, na upungufu wake huharibu ubongo. Usinunue vidonge vya usingizi dukani ukajitibu. Vidonge hivyo vikikutana na pombe vinaweza kuzuia pumzi.

Kama hali ni kubwa, mganga atakupeleka mbele. Hospitali ya rufaa ya Bugando iko Mwanza. Hospitali ya Mirembe, ambayo hutibu magonjwa ya akili na ulevi, iko Dodoma. Kwenda Mirembe si aibu. Aibu ni kumzika mtu ambaye angepona.

Njia tatu za kupotea

Aliyekamatwa hupata washauri wengi. Ushauri mwingine ni shimo. Mashimo makubwa ni matatu.

Shimo la kwanza ni kukimbia. Watakwambia, "Nenda machimboni Geita, nani atakujua kule?" Lakini wadhamini wako wanajulikana. Usipofika mahakamani siku iliyopangwa, hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata. Wadhamini wanaweza kudaiwa fedha walizoahidi. Labda mdhamini wako ni mzee aliyekulea, au mwalimu aliyekuamini. Tena fikiri: mtu anayeanza kuacha pombe anaenda kufanya nini machimboni, mahali ambapo siku ya fedha pombe hutiririka kama maji ya masika?

Shimo la pili ni kuhonga. Rushwa ni kosa kwa anayepokea na kwa anayetoa pia. Ndivyo isemavyo sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia na kupambana na rushwa. Utaingia na kosa moja, utoke na mawili. Dhamana ya polisi nayo hainunuliwi. Sheria inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au aachiwe kwa dhamana kama kosa lake linaruhusu. Ukiombwa fedha ya dhamana mfukoni mfukoni, taarifa ipelekwe TAKUKURU.

Shimo la tatu ni kunywa kidogo ili kupata ujasiri wa kusimama mbele ya hakimu. Hakimu ana pua kama wewe. Tena pombe hiyo kidogo ndiyo mlango wa kurudia ulevi wote.

Lipo na jambo la nne, ambalo si baya lakini lina mpaka wake. Kwetu kuna desturi nzuri ya wazee kukaa na pande mbili, mkosaji akaomba radhi na kulipa. Fanya hivyo. Mtembelee uliyemgonga, au kama ni vigumu watume wazee wako. Saidia matibabu kwa kadiri ya uwezo wako. Lakini usimwombe akane ukweli. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Haiishi kwa watu wawili kupeana mbuzi. Usitishe mashahidi, wala usiwape kitu wabadili maneno yao.

Na bima je? Kila chombo cha moto barabarani lazima kiwe na bima ya kuwalinda watu wengine. Majeruhi ana haki ya kudai kwa njia hiyo. Msaidie apate habari za bima ya gari. Lakini bima haikufutii kesi. Ikiwa ulikuwa umelewa, kampuni ya bima inaweza hata kukataa kulipia hasara za gari lako mwenyewe.

Siku ya mahakama

Kesi kama hii ikitokea Kagongwa, kwa kawaida utakwenda Mahakama ya Wilaya, Kahama. Jiandae hivi:

Kwanza, tafuta ushauri wa sheria kabla ya kujibu shtaka. Kama huna fedha za wakili, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sheria hiyo inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia wasio na uwezo bila malipo. Mwulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako akuelekeze.

Pili, fika mapema, umevaa nguo safi. Sikiliza shtaka mpaka mwisho. Kama hukuelewa neno, sema, "Mheshimiwa hakimu, sijaelewa, naomba nielezwe." Hiyo ni haki yako.

Tatu, sema kweli. Usikiri jambo ambalo hukulitenda. Wala usikane ulilolitenda kwa sababu tu rafiki wa kilabuni amekushauri. Anayekiri mapema na kwa moyo mara nyingi hufikiriwa anapopewa adhabu.

Nne, ukitiwa hatiani utaulizwa kama una neno la kusema kabla ya adhabu. Hapo ndipo habari ya matibabu yako inapofaa. Si kisingizio. Ni ushahidi kwamba umeanza kubadilika. Lete kadi ya kliniki yenye tarehe ulizohudhuria. Lete barua ya mganga. Lete barua ya mwenyekiti wa mtaa au ya mwajiri, kama ipo. Usilete karatasi ya kughushi. Unaweza kusema hivi:

"Mheshimiwa hakimu, nilikosa. Nimemwumiza mwenzangu. Tangu siku ile sijanywa, nami nahudhuria kliniki. Kadi yangu ni hii. Naomba mahakama inifikirie, lakini niko tayari kwa adhabu."

Maneno hayo ni mafupi, na yanatosha. Usilie kwa uongo. Usimlaumu mwenye baa.

Ujue pia kwamba si kila adhabu ni gereza. Ipo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, mahakama inaweza kuamuru mkosaji afanye kazi bila malipo kwenye shule, hospitali au mahali pengine pa umma, huku akilala nyumbani kwake. Upo pia utaratibu wa kumweka mkosaji chini ya uangalizi wa ofisa wa Serikali. Hakimu ndiye anayeamua, naye hutazama uzito wa kosa na mwenendo wa mtu. Hakuna anayeweza kukuahidi adhabu hiyo kabla ya hukumu. Anayekuahidi anataka fedha zako.

Waliopita njia hii

Huenda unasema, "Mimi ni mtu mdogo, nimekwisha." Basi sikia habari za watu wakubwa wawili.

Michael Phelps ni muogeleaji wa Marekani. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 19, alikamatwa akiendesha hali amekunywa. Alikiri, akawekwa chini ya uangalizi kwa miezi 18. Kesi ikaisha. Lakini miaka kumi baadaye, mwezi Septemba 2014, alikamatwa tena kwa kosa lile lile. Mara hii alikwenda kwanza kwenye kituo cha matibabu, akakaa humo kwa majuma kadhaa. Chama cha waogeleaji kikamfungia kwa miezi sita. Mwezi Desemba mwaka huo alisimama mbele ya hakimu, akakiri. Alipewa kifungo cha mwaka mmoja kilichoahirishwa, na miezi 18 ya uangalizi. Mwaka 2016, mjini Rio de Janeiro, alipata medali 5 za dhahabu katika michezo ya Olimpiki. Angalia tofauti. Mara ya kwanza kesi ilikwisha peke yake. Mara ya pili kesi na matibabu vilikwenda pamoja.

Wa pili ni jirani yetu, Henry Rono wa Kenya. Mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia za mbio katika siku 81. Hakuna aliyepata kufanya hivyo. Kisha pombe ikamshika. Alipoteza fedha, akapoteza makao, akawa anaosha magari ya watu huko Marekani. Aliingia kwenye vituo vya matibabu mara nyingi. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Mwishoni aliiacha pombe, akawafundisha vijana kukimbia huko Albuquerque, akaandika kitabu cha maisha yake bila kuficha ulevi wake. Alirudi Kenya mwaka 2019, akafariki Nairobi mwezi Februari 2024.

Rono anatufundisha kwamba kuanguka si mwisho wa safari. Ukiteleza siku moja, usiseme, "Basi, nimeharibu yote." Rudi kliniki kesho yake. Lakini ukiteleza, funguo za gari zikae mbali nawe.

Baada ya hukumu

Tuseme leseni yako imefungiwa. Hili ndilo jambo gumu kwa dereva. Leseni ndiyo jembe lake. Nyumbani wanauliza tutakula nini.

Usiendeshe kwa siri. Kuendesha hali mahakama imekuzuia ni kosa jipya, na hakimu hataamini tena machozi yako. Tafuta kazi nyingine kwa muda. Kagongwa ina kazi za mashine ya mpunga, za kupakia na kupakua, za ghala, za ufundi wa magari. Mshahara utapungua. Lakini hesabu fedha ulizokuwa ukiziacha baa kila wiki. Ziandike kwenye daftari kwa mwezi mmoja. Wengi hugundua kwamba upungufu si mkubwa kama walivyoogopa.

Badili njia ya kurudi nyumbani, usipite kilabuni. Siku ya fedha, mkabidhi mkeo au mtu unayemwamini kabla jua halijazama. Kula chakula mapema, maana njaa huamsha kiu ya pombe. Tafuta wenzako walioacha, mkutane mara moja kwa wiki mzungumze. Chama kinachojulikana duniani cha watu wanaosaidiana kuacha pombe kilianzishwa mwaka 1935 huko Marekani na walevi wawili tu waliokaa wakazungumza. Nyinyi pia mnaweza kuanza wawili.

Kazi yetu sisi wengine

Mlevi anayepona hawezi kupona peke yake kijijini ambako kila salamu ni glasi.

Mwenye gari, usimpe dereva safari ya usiku na alfajiri bila mapumziko, kisha ukashangaa anakunywa ili alale. Mwulize hali yake kabla ya kumpa funguo.

Mwenye baa, ukimwona dereva amelewa, zuia funguo. Atakutukana leo, atakushukuru kesho.

Rafiki, akikwambia ameacha, usimcheke wala usimjaribu. Mwagizie soda.

Mke na watoto, msimfichie kesi yake wala msimtangaze. Mkumbusheni tarehe ya mahakama na tarehe ya kliniki. Nanyi mkipigwa au kutishwa, semeni kwa viongozi mapema. Kumsaidia mgonjwa si kuvumilia kipigo.

Ndugu msomaji, aliyeacha pombe hadai kusamehewa kila kitu. Anadai nafasi ya kulipa alichokosa hali akili yake ni nzima. Tumpe nafasi hiyo. Na kama ni wewe, ichukue. Nenda kliniki siku yako. Nenda mahakamani siku yako. Siku hizo mbili usizikose.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini yule dereva alikutwa na pombe ingawa alikuwa amelala?

2. Ni dalili gani zinazoonyesha kwamba mtu aliyeacha pombe ghafla apelekwe hospitali upesi?

3. Katika mtaa wenu, dereva aliyefungiwa leseni anaweza kufanya kazi gani? Nani wa kumsaidia aipate?